Shajara ya tangi jipya: samaki wameshaingia, kazi sasa ni maji

Hali ilivyo kabla ya yote

Tangi linabeba maji lita 120 ukitoa nafasi ya changarawe na mawe. Chujio ni la ndani, lina sponji mbili na pampu inayorusha maji juu. Mimea ni michache, yote ya kufungwa kwenye jiwe. Tangi limekuwa likizungusha maji kwa muda bila kiumbe ndani, na wako wanaouhesabu muda huo kuwa ndio wa kulikomaza, yaani kulijaza bakteria wanaosafisha maji. Mimi siuhesabu. Bakteria wa chujio wanaishi kwa amonia, sumu inayotoka kwa samaki na kwa uchafu unaooza, na tangi lisilo na samaki wala kitu kinachooza halina amonia ya kuwalisha. Kwa hiyo kwenye daftari nimeandika: bakteria, sifuri.

Samaki ni wawili, samaki wa dhahabu wachanga, mmoja mwekundu na mwingine mweupe mwenye baka mgongoni. Mwenye nao alikuwa anahama na hakuwa na pa kuwaacha, hivyo suala la kukomaza tangi kwanza halikuwepo. Alileta na sponji ya chujio lao la zamani, bahati mbaya ilishaanikwa juani ikakauka kau. Bakteria hawa hawavumilii ukavu. Nimeipokea kwa shukrani, itafaa kusugulia kioo.

Maji ya bomba, yaliyolala kwenye ndoo usiku kucha: amonia 0, nitriti 0, nitrati 5, pH 7.6, ugumu wa kabonati digrii 4. (Nitriti na nitrati ni vile bakteria wanavyoigeuza amonia, hatua kwa hatua; pH ni kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi; ugumu wa kabonati ni akiba inayoizuia pH isishuke. Vipimo vyote humu ni miligramu kwa lita, isipokuwa nikitaja vingine.) Nimeyalaza kwanza kwa sababu maji yaliyotoka bombani sasa hivi mara nyingi yana gesi ya kaboni dioksidi iliyoyeyuka, nayo huishusha pH kwa muda. Ukiyapima hapo hapo unaandika namba ambayo samaki hataishi nayo.

Jumamosi, samaki ndani

Mfuko umeelea tangini hadi joto likalingana, kisha nikaongeza maji ya tangi kidogokidogo, nikawavua samaki na kuwaingiza. Maji ya mfukoni yamemwagwa kwenye sinki. Samaki hutoa sehemu kubwa ya amonia yake kwa mashavu, anakopumulia, si kwa choo, kwa hiyo hata mfuko unaoonekana msafi umeshabeba mzigo.

Leo hakuna chakula. Joto nyuzi 23, pH 7.6.

Jumapili, hesabu ya chakula

Mpwa wangu amewalisha asubuhi. Nilimwomba kabla hajaachia kile alichokishika kwa vidole akiweke kwanza kwenye mizani ndogo: gramu 0.5. Kisha nikakaa na kalamu, kwa sababu hapa ndipo mradi wote ulipo.

Pakiti inasema chakula kina protini asilimia 40. Protini kwa kawaida ina nitrojeni asilimia 16. Kwa hiyo gramu moja ya chakula ina protini miligramu 400, na ndani yake nitrojeni miligramu 64. Nusu gramu ni 32. Igawe kwa lita 120: miligramu 0.27 za nitrojeni kwa kila lita, na ikitoka yote kama amonia inasomeka 0.32 hivi kwenye kipimo. Haitoki yote, sehemu inajenga mwili wa samaki na sehemu inabaki kwenye choo kwa muda, lakini chakula kisicholiwa kikazama kwenye changarawe kinaoza na kutoa chake pia. Siku tatu za kulisha hivyo bila bakteria, na tangi hili lina amonia ya kudhuru.

Watu wanapoanza kufuga huuliza dawa gani ya kutia majini. Swali la kwanza lilipaswa kuwa chakula kiasi gani, maana kopo la chakula ndilo bomba la amonia, na bomba hilo ninalifungua na kulifunga mwenyewe. Kuanzia kesho ni gramu 0.2 kwa siku, mara moja, na siku ambayo amonia iko juu hawali kabisa. Samaki mzima wa afya anakaa siku kadhaa bila kula na hadhuriki.

Mpwa hakuridhika.

"Mjomba, wana njaa hawa. Angalia wanavyonifuata kwenye kioo."

"Hao watakufuata hata wakiwa wameshiba. Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhi chakula kama letu, chakula kinapita moja kwa moja kwenye utumbo. Kutwa nzima kazi yake ni kutafuta."

"Kwa hiyo hashibi?"

"Anatosheka. Ila hatakwambia."

Kopo limehamia rafu ya juu.

Jumatatu

Amonia 0.25, nitriti 0, nitrati 5, pH 7.6.

Namba hiyo ya 0.25 ni jumla ya vitu viwili: amonia huru, ambayo ndiyo sumu inayopenya mashavuni, na amoniamu, ambayo madhara yake ni madogo sana. Kipimo cha matone, kile kinachobadili rangi ya maji ndani ya kineli (bomba dogo la kioo), hakivitenganishi. Kinachoamua mgawanyo ni pH, na joto kwa kiasi kidogo. Kwa nyuzi 23 na pH 7.6, amonia huru ni asilimia 2 tu ya jumla. Maji hayo hayo yakiwa na pH 8.4, inafika asilimia 11. Yakiwa na 6.8, ni chini ya nusu asilimia. Maana yake amonia ya 0.5 kwangu ina sumu 0.01, na kwa mwenzangu mwenye maji ya pH 8.4 ina zaidi ya 0.05, mara tano, ilhali rangi kwenye kineli cha kupimia ni ileile. Wafugaji wengi huichukua 0.02 ya amonia huru kuwa dari la kutolivuka kwa muda mrefu. Ndiyo maana sipimi amonia bila kupima pH, na simpi mtu ushauri wa amonia kama hajaniambia pH yake.

Nimejiwekea mstari wa kazi: amonia na nitriti zikijumlishwa zikafika 0.5, nabadilisha nusu ya maji siku hiyo hiyo.

Jumatano, maji yamekuwa meupe

Asubuhi tangi lilionekana kama limemwagiwa maziwa kidogo. Wageni wa nyumbani wote wana ushauri. Amonia 0.25, nitriti 0, samaki wanaogelea katikati ya tangi, mapezi wazi, hakuna anayehema juu.

Ukungu huu ni bakteria wengine kabisa, wale wanaokula masalia ya chakula na uchafu ulioyeyuka. Hao hujigawa ndani ya saa moja au pungufu, wakati bakteria wa amonia huchukua nusu siku hadi zaidi ya siku nzima kuongezeka maradufu. Kwenye tangi jipya hao wenye haraka ndio wanaolipuka kwanza, chakula chao kinaisha, wanapungua. Hawamdhuru samaki moja kwa moja, ila wanatumia oksijeni, kwa hiyo nimeinua mdomo wa pampu ili uso wa maji utikisike zaidi. Basi. Sijaosha changarawe, sijabadilisha sponji, sijatia dawa ya kung'arisha maji.

Nimeandika hili kwa kirefu kwa sababu jicho ni kipimo kibaya. Leo maji ni meupe na ni salama. Siku itakuja yatakuwa mangavu kama kioo na yatakuwa na sumu.

Alhamisi jioni

Amonia 0.5. Mstari umefikiwa, nimetoa lita 60 na kurudisha lita 60. Baada ya saa moja: 0.25, kama hesabu inavyotaka. Nusu ya maji huondoa nusu ya amonia, haina ujanja zaidi ya hapo. Anayebadilisha asilimia 10 akiwa na amonia ya 1 anabaki na 0.9 na mgongo unaomuuma.

Kuna imani kwamba ukibadilisha maji sana unawatoa bakteria na tangi halitakomaa. Bakteria hawa wamejishikiza kwenye sponji, changarawe, majani na kioo, kwenye utando ule unaoteleza ukipitisha kidole. Kwenye maji yenyewe ni wachache mno. Na amonia ya 0.25 inawatosha kula. Kumwacha samaki kwenye 2 ili "wazaane vizuri" ni kumtesa bure.

Maji mapya yanatiwa dawa ya kuondoa klorini kabla ya kuingia, maana klorini inaunguza mashavu na kuua hao bakteria ninaowangoja. Penye mamlaka ya maji yanayotumia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) badala ya klorini tupu, jambo la kukumbuka ni kwamba dawa inapoivunja kloramini, amonia inaachiwa. Mtu anabadilisha maji kwa bidii na kipimo hakishuki, kumbe amonia nyingine inatoka bombani. Ndiyo faida ya kupima maji ya bomba mapema.

Jumamosi, sponji ya jirani

Jirani ana tangi la miaka mingi, na samaki wake hawajaugua karibuni; hilo nimeliuliza kwanza, kwa sababu sponji inayohamisha bakteria wazuri inahamisha na vimelea. Amenikatia kipande cha sponji yake, kimekuja ndani ya mfuko wenye maji ya tangi lake, bila kukauka. Nimekibana kati ya sponji zangu mbili. Kina rangi ya matope na kinanuka udongo baada ya mvua, harufu nzuri. Kikinuka kama yai bovu kimekosa oksijeni, usikiweke.

Wiki iliyofuata

Amonia 0.25, kisha 0.25 tena, kisha rangi ya njano safi: 0. Samaki wamekula kila siku na amonia haipandi, kwa hiyo kuna anayeila. Nitriti, ambayo ilikuwa 0, sasa 0.25 na rangi ya samawati imeanza kugeuka zambarau.

Hatua ni mbili. Kundi la kwanza, akina Nitrosomonas, hula amonia na kutoa nitriti. Kundi la pili hula nitriti na kutoa nitrati. Sergei Winogradsky alionyesha mwishoni mwa karne ya 19 kwamba viumbe hawa wapo na wanaishi kwa nguvu ya kemikali hizo. Vitabu vingi vya ufugaji bado vinamtaja Nitrobacter kwenye hatua ya pili, lakini uchunguzi wa matangi ya maji baridi uliochapishwa mwaka 1998 ulimkuta zaidi Nitrospira. Mwaka 2015 watafiti wakapata aina za Nitrospira zinazofanya hatua zote mbili peke yake. Kwa kazi yangu ya daftari, la muhimu ni moja: wa hatua ya pili hawana chakula mpaka wa kwanza waanze kuzalisha, kwa hiyo nitriti lazima ipande kabla ya kushuka. Kipande cha jirani kinafupisha pengo hilo, hakiliondoi.

Siku za nitriti

Nitriti 0.5, nikabadilisha nusu. Kesho yake 0.5 tena, nikabadilisha nusu. Maji ni mangavu sana, mtu angepiga picha.

Nitriti haiunguzi kama amonia. Inaingia mwilini kwa mashavu, inafika kwenye damu na kuibadilisha himoglobini isiweze kubeba oksijeni. Damu inakuwa ya kahawia. Samaki anakaa kwenye maji yaliyojaa oksijeni na bado anakosa pumzi. Nikitazama kwa karibu, yule mweupe ananisaidia, maana mashavu yake yanaonekana kupitia ngozi ya kifuniko cha shavu: bado ni mekundu hasa. Vifuniko vinafunguka na kufunga kwa utulivu, na kinyume chake ningeviona vikipiga haraka na samaki akining'inia karibu na mdomo wa pampu.

Hapa nimetumia chumvi, na sifanyi hivyo kwa kila ugonjwa kama wengine. Nitriti hupita kwenye mlango uleule wa mashavu unaopitisha kloridi, ambayo imo ndani ya chumvi, kwa hiyo kloridi ikiwa nyingi majini, nitriti inazuiwa mlangoni. Kiasi ni kidogo kuliko watu wanavyodhani: gramu 1 kwa lita 10, yaani gramu 12 kwa tangi langu, inatoa kloridi 60 hivi, nayo ni zaidi ya mara mia ya nitriti niliyo nayo. Nimeiyeyusha kwenye jagi na kuimwaga taratibu karibu na pampu. Chumvi haiondoki kwa maji kukauka, inaondoka kwa maji kutolewa tu, kwa hiyo nikitoa lita 60 narudisha gramu 6. Anayeongeza tu kila akijaza pengo la maji yaliyokauka anatengeneza bahari polepole. Samaki wa dhahabu na mimea yangu wanavumilia kiwango hiki bila taabu.

Neno juu ya vifaa vya kupimia. Vingine husoma nitriti yenyewe, vingine husoma nitrojeni iliyomo ndani ya nitriti, na hiyo ya pili ukiizidisha kwa 3.3 ndipo unapata ya kwanza. Kwa nitrati kizidisho ni 4.4. Watu wawili wenye maji sawa wanaweza kubishana usiku kucha kwa sababu hawajasoma karatasi iliyo ndani ya boksi.

Umeme umekatika

Saa kadhaa, mchana. Bakteria wa chujio wanahitaji oksijeni kuliko wanavyohitaji chochote: kuigeuza miligramu moja ya nitrojeni ya amonia hadi nitrati kunatumia oksijeni miligramu 4.57. Ndani ya chujio lililosimama wanaimaliza upesi. Nimezitoa sponji na kuziacha zikielea wazi tangini, nikawa nachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu kila nikipita. Hakuna chakula siku hiyo. Umeme uliporudi nikapima: amonia 0, nitriti 0.25. Hakuna kilichopotea.

Nitriti 0

Imeshuka ghafla, kama inavyofanya: jioni moja zambarau hafifu, jioni iliyofuata samawati ya anga. Nimeacha kubadilisha maji kwa ratiba ya dharura na sirudishi chumvi tena. Itapungua yenyewe kadiri ninavyotoa maji.

Nitrati sasa 10. Kipimo hiki ndicho kinachodanganya watu wengi. Chupa ya pili ya matone ina unga unaotuama chini na kugandamana. Usipoitikisa kwa nguvu, na kuigonga mezani kwanza, matone yanatoka karibu matupu, kineli kinabaki cha njano, na mtu anafurahia nitrati 0 ambayo haipo. Naitikisa kwa nusu dakika kamili, kisha kineli chenyewe dakika nzima, kisha nangoja muda ulioandikwa. Rangi naisoma mchana dirishani, kineli kikiwa kimegusa karatasi nyeupe, si chini ya taa ya tangi.

Sponji ya nje imeanza kuziba na pampu imepunguza nguvu. Nimeikamua kwenye ndoo yenye maji yaliyotoka tangini, mara chache tu, hadi maji yapite. Bado ni ya kahawia na itabaki hivyo. Ya pili sijaigusa, zamu yake itakuja siku nyingine. Zile pakiti zinazosema "badilisha sponji kila mwezi" zimeandikwa na anayeuza sponji.

Chakula kinarudi

Kutoka gramu 0.2 hadi 0.3, siku chache za kupima, kisha 0.4 kwa milo miwili. Amonia 0, nitriti 0 kila mara. Bakteria huongezeka kufuata mzigo, lakini wanachelewa nyuma yake, ndiyo maana napandisha kwa ngazi. Mpwa amekabidhiwa kijiko kidogo cha kupimia ambacho kikijaa ni gramu 0.2, na kopo limeshuka rafuni. Tangu apate kijiko chake anawakemea wageni wanaotaka kuongeza.

Mwani wa kahawia umetanda kwenye kioo na mawe, unafutika kwa kidole. Ni kawaida kwa tangi changa. Sponji ile iliyokauka imepata kazi.

Kitu kinachoshuka

Nitrati 15, pH 7.3, ugumu wa kabonati digrii 3. Mwanzo ulikuwa 4.

Bakteria wanapoigeuza amonia wanatoa asidi, na asidi hiyo inameza kabonati: karibu miligramu 7 za ugumu, ukiuhesabu kama kalsiamu kabonati, kwa kila miligramu ya nitrojeni. Nitrati imepanda kwa 10, ambayo ni nitrojeni 2.3, mara 7 inakuwa 16. Digrii moja ni 17.9. Daftari na kemia vimekubaliana, jambo lililonifurahisha kuliko lilivyostahili.

Bila kubadilisha maji, kabonati ingeendelea kuliwa hadi iishe, pH iporomoke, na bakteria wapunguze kasi kwenye maji ya asidi. Hapo amonia inaanza kujilimbikiza tena, lakini kwa pH ya chini iko karibu yote kama amoniamu, samaki hana dalili. Kisha mwenye tangi anagundua, anabadilisha maji mengi kwa mkupuo, pH inaruka juu, na ile amoniamu inageuka sumu kwa dakika chache. Ndivyo samaki wa tangi la zamani lililotelekezwa wanavyokufa siku ya usafi, na lawama wanapewa maji mapya.

Kwa hiyo ratiba ya sasa ni robo ya maji kila wiki. Inarudisha kabonati na kushusha nitrati kwa wakati mmoja. Unga wa kupandisha pH sinunui. Maji ya bomba yana kabonati ya kutosha ikiwa yanafika mara kwa mara.

Kinachofuata

Baada ya robo ya kwanza ya ratiba: amonia 0, nitriti 0, nitrati 12.5 kwa makadirio ya rangi, pH 7.5, ugumu digrii 3 na matone ya mwisho yaligoma kidogo kabla ya kubadili rangi. Amonia na nitriti nitapima mara moja kwa wiki, au siku yoyote samaki akikataa kula.

Samaki hawaongezwi. Mwekundu ameshanenepa, na samaki wa dhahabu wa kawaida hupita sentimita 20 akitunzwa vizuri. Kwa mzigo huo lita 120 hazitoshi hata chujio likiwa limekomaa, kwa hiyo sponji ya tatu imeingia leo nyuma ya zile mbili, ianze kushika bakteria mapema kwa ajili ya tangi kubwa litakalofuata.